Khadra, Mdomo wa Kadhi

Hoteli ya Khadra Olow haina jina ukutani. Ni kibanda cha mabati chenye meza sita, hatua kama mia mbili kutoka lango la soko la mifugo la Garissa, upande ule ambako malori ya mbuzi husimama kukaguliwa magurudumu kabla ya safari. Kilijengwa na Gelle, ndugu yake mdogo, mwaka ambao Khadra alifiwa na mumewe. Gelle alitoka malishoni upande wa Bura, nguzo zimefungwa juu ya ngamia wawili, akachimba mashimo mwenyewe, akapigilia mabati mwenyewe, na siku ya nne akarudi kwa mifugo yake bila kungoja kushukuriwa. Khadra hana ndugu mwingine aliye hai. Hilo lazima lijulikane kabla ya mengine yote.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mrefu, asiye na haraka. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na kwa sababu hiyo Khadra aliishi Nakuru miaka kumi na mmoja. Huko ndiko alikopata Kiswahili chake, ambacho ni safi kuliko cha wengi wetu tuliozaliwa bara. Basi akawa mkalimani wa soko zima bila kuajiriwa na mtu. Daktari wa mifugo akitaka kusema na mchungaji, huitwa Khadra. Mnunuzi wa kutoka Thika akikwama, huitwa Khadra. Hatozi chochote; wakimaliza, wote wawili hukaa kwake wakanywa chai.

Ana namna yake ya kutafsiri. Wakalimani wengine husema, "Anasema kwamba." Khadra husema "mimi." Mnunuzi akisema hana nafasi kwenye lori, Khadra humgeukia mchungaji na kumwambia kwa Kisomali, "Mimi sina nafasi kwenye lori." Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema, "Nikisema 'anasema,' mimi ninajificha nyuma yake. Nikisema 'mimi,' sina pa kujificha, kwa hiyo siongezi chumvi."

Lakini kuna mara moja alipunguza.

Mwezi wa Machi mwaka 2021, mwalimu Njambi wa shule ya msingi ya hapo karibu alikuja hotelini na ombi. Alikuwa amenunua mbuzi majike watano, mmoja mmoja, na alitaka mtu wa kumchungia mpaka siku atakapohamishwa arudi Nyeri. Nia yake ilikuwa awabadilishe na ng'ombe mmoja wa maziwa kwa ajili ya mama yake. Mbuzi aliwapa majina ya mito ya kwao: Chania, Gura, Sagana, Ragati na Thika. Khadra alicheka sana. "Mwalimu, umeleta maji mpaka jangwani!" Akamwita Gelle, na makubaliano yakafanyika pale pale, Khadra katikati.

Gelle alisema atawachunga, maziwa yatakuwa yake, watoto watagawanywa nusu kwa nusu. Alikata alama ndogo ya pembetatu kwenye sikio la kushoto la kila mbuzi. Mwisho akasema sentensi moja zaidi: "Mmoja akifa, nitamletea masikio yake." Hii ni desturi ya wachungaji. Mnyama wa watu akifia mikononi mwako, unamletea mwenyewe masikio yenye alama, ili ajue hukumla wala hukumuuza. Asiyeleta masikio anadaiwa mnyama.

Sentensi hiyo Khadra hakuitafsiri. Hakuwa na nia mbaya. Alimtazama Njambi, mtoto wa watu kutoka kwenye baridi, aliyekuwa akiwapapasa mbuzi wake vichwani, akaona si adabu kumtajia masikio ya mizoga siku ya furaha. Akasema tu, "Gelle anasema atawatunza." Na hapo alisema "anasema."

Kiangazi kilichofuata kila mtu wa huku anakikumbuka. Oktoba mwaka 2022 Gelle aliingia mjini, amekonda, ngozi imemshika mifupa, akamwambia Njambi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwalimu, mbuzi kwisha. Yote. Jua nakula." Mikono yake ilikuwa mitupu. Khadra aliitazama mikono ile. Alijua mtu aliyefiwa na mbuzi watano huja na masikio kumi. Angesema neno moja tu, Njambi angejua la kudai, na Gelle angelazimika kujibu mbele ya wazee. Khadra akamimina chai kwenye vikombe, akanyamaza. Njambi alilia kidogo, akasema, "Kama hata ngamia wanakufa, mbuzi wangu ni nani?" na hakutaja tena habari ile.

Televisheni ilikuja miezi mitatu baadaye. Mutiso, fundi wa malori kutoka Kitui, ndiye aliyepandisha dishi juu ya mabati. Alitaka kuona mpira. Lakini saa kumi na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kulikuwa na tamthilia ya zamani za kale, imetengenezwa nchi ya mbali na kutiwa sauti za Kiswahili: habari za kadhi mmoja katika mji wenye kuta za mawe, enzi za farasi na mishale. Kadhi mwenyewe ni mtu mfupi, joho lake lina kiraka. Kila kesi inamgombanisha na gavana wa mji. Siku ya kwanza wazee wanne wa soko walioingia kunywa chai waliuliza, "Huyo mfupi anasema nini?" Khadra, birika mkononi, akaanza: "Mimi ni kadhi wa mji huu. Mlango wangu hauna mlinzi."

Baada ya mwezi wazee walikuwa ishirini. Walisali alasiri mapema, wakaja kushika viti. Mkubwa wao alikuwa Mzee Keinan, ambaye kwa miaka thelathini ameketi kwenye maslaha, yale mabaraza ya wazee ya kusuluhisha kesi za visima, malisho na damu. Hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Mimi huwa nasoma mita za maji mtaa ule, na nikimaliza zamu hukaa pembeni na kikombe changu. Katika miaka kumi na minne nimeokota Kisomali cha kutosha kufuata mazungumzo. Nilikwenda kwa ajili ya chai. Baadaye nilikwenda kuwatazama watu wakitazama.

Kuna kesi moja siwezi kuisahau. Mjane alimshtaki mtoto wa gavana kwamba amemnyang'anya kisima. Ushahidi ukachukua siku tatu, kipindi kikaisha, hukumu ikaachwa mpaka kesho. Mzee Keinan akagonga fimbo chini. "Mjane hawezi kulala bila jibu. Kaeni." Wakakaa. Wazee ishirini wa Garissa wakaisikiliza upya kesi ya mwanamke asiyekuwepo duniani, kwa muda wa saa nzima, na mmoja wao akapewa kazi ya kumtetea mtoto wa gavana ili isisemwe kwamba hakusikilizwa. Waliamua kisima kirudi kwa mwenyewe, na ngamia sita juu yake kwa ajili ya machozi.

Kesho yake kadhi alirudisha kisima, basi. Mutiso akapasuka kwa kicheko. "Mzee Keinan! Ngamia wako sita wameliwa na serikali!"

Khadra akatafsiri hata hilo, na Mzee Keinan akakasirika kweli kweli. "Huyu kadhi ni mwanagenzi. Machozi nayo? Machozi hayana bei?"

Lakini kipindi hakikuwa kimekwisha. Kadhi alivua joho lake, akaenda kisimani, akamtekea mjane ndoo tatu za maji kwa mikono yake mwenyewe, moja kwa kila siku aliyomngojesha. Khadra alisema polepole, "Mimi nilikuchelewesha. Haki ilikuwa yako tangu siku ya kwanza." Mzee Keinan alivua kofia, akaiweka gotini. Alikaa hivyo mpaka matangazo yakaanza. Kisha akasema, "Hilo sisi hatukulifikiria. Miaka thelathini, na hatujawahi kumtekea mtu maji." Sikuwahi kumwona mzee yule akikiri kufundishwa kitu.

Mutiso, ambaye hawezi kuona kitu kizuri akanyamaza, alisema, "Wazee wangu, yule ni mwigizaji tu. Analipwa. Akitoka hapo anavaa jinzi."

Khadra akaipeleka kama ilivyo. Mzee Keinan akamtazama fundi kwa huruma. "Imamu akisoma maneno ya mtu aliyekufa zamani, maneno yanapungua uzito? Mwambie huyu kijana, mimi sina haja na yule mtu. Nina haja na anachokifanya. Hana bunduki, hana mifugo. Anamsikiliza mtu mpaka mwisho. Nani alikuzuia wewe kufanya hivyo?"

Baadaye niligundua kwamba Mutiso naye ameanza kufunga gereji saa kumi na robo.

Hivyo miezi ikaenda, na Khadra kila jioni alikuwa kadhi, akawa mjane, akawa gavana, lakini zaidi kadhi. Njambi naye alikuja mara kwa mara baada ya kusahihisha madaftari, akakaa meza ya nyuma. Khadra alimpelekea chai ya kwanza kabla ya wazee. Nilidhani ni heshima kwa mwalimu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 barua ya uhamisho ya Njambi ilifika. Angeondoka Ijumaa. Jumanne alikuja kuaga, akiwa na mfuko wa maembe makavu kama zawadi kwa Khadra. "Mama Khadra, nimekuwa hapa miaka sita, na ni wewe tu utakayenikumbuka," alisema. Khadra alipokea mfuko kwa mikono miwili, akauweka kando ya jiko bila kuufungua.

Kipindi kilianza. Kesi ilikuwa ya mlinzi wa lango, shahidi wa wizi wa nafaka ya maskini. Mlinzi alieleza kila kitu vizuri. Kadhi aliandika, akaweka kalamu chini, akamtazama. Khadra alisimama mahali pake pa kawaida, kando ya televisheni, uso kwa wazee, akatafsiri: "Mimi nimeandika yote uliyoyasema, na yote ni kweli. Sasa nipe ulichokiacha."

Kwenye kioo mlinzi alianza kujibu. Khadra hakumtafsiri. Mlinzi alisema sentensi moja, ya pili, ya tatu. Wazee walitazamana. Ndipo Khadra akasema kwa Kisomali, macho yameelekea ukutani juu ya vichwa vyao:

"Mimi nilikuwa mkalimani kati ya mchungaji na mwanamke mgeni. Mchungaji alisema ataleta masikio. Mimi sikumwambia mgeni. Iliposemwa kuwa wanyama wamekufa, niliona mchungaji hana masikio mkononi, nikajua, na nikanyamaza."

Mzee mmoja alinyoosha shingo kukitazama kioo. "Mkalimani ni yupi? Simwoni."

"Atakuwa nje ya lango," mwingine akasema. "Kumbe hata wao wana desturi ya masikio!"

Mzee Keinan alikuwa amekwisha kuwaka. "Nyamazeni, msikilize. Hili ni kubwa kuliko nafaka. Mwizi huiba mbuzi. Mkalimani wa namna hii amemwibia mtu masikio yake na ulimi wake pamoja." Akagonga fimbo. "Mimi ningekuwa kadhi, ningemwambia asimame mbele ya watu wote na ataje jina lake."

Khadra akateremsha macho kutoka ukutani, akamtazama.

"Adeer," alisema, kama mtu anavyomwita ndugu ya baba yake, "jina langu ni Khadra Olow."

Televisheni iliendelea kusema na hakuna aliyeisikiliza. Mtu mmoja alikuwa ameinua kikombe na hakukishusha wala hakunywa. Khadra aliikunja mikono ndani ya shuka lake, akapita katikati ya meza mpaka ya nyuma, alikokaa Njambi, ambaye hakuwa ameelewa neno.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, "siku ile ya mbuzi, kuna maneno Gelle alisema nikayaacha." Akamweleza yote: masikio, mikono mitupu, na kunyamaza kwake.

Njambi alisikiliza mpaka mwisho. "Umekuwa ukiniletea chai ya kwanza kila siku," alisema, "huku ukijua?"

"Nikijua."

"Gelle ni ndugu yako wa pekee."

"Ndiyo."

"Na mimi naenda zangu Ijumaa. Ungenyamaza siku tatu tu."

"Ndiyo, mwalimu. Nilizihesabu."

Mpaka leo sijui yule mlinzi wa lango alijibu nini. Katika hoteli nzima hakuna aliyemsikia.

Mzee Keinan alimtuma mtu na pikipiki usiku haujaingia, na Alhamisi asubuhi Gelle alifika. Maslaha ilikaa kwenye mkeka mbele ya hoteli. Mzee Keinan alimuuliza Njambi, kupitia kwa mzee mwingine anayejua Kiswahili kidogo, anataka nani amtafsirie, kwa maana Khadra alikuwa mshtakiwa na dada wa mshtakiwa. Njambi akaonyesha kwa kidole. "Yeye."

Gelle hakumtazama dada yake. Alifungua kitambaa, akaweka mkekani masikio manne makavu, mawili mawili yamefungwa uzi, pembetatu zikionekana. Mbuzi wawili walikufa kweli. Waliobaki watatu aliwabadilisha na mahindi na maji wakati watoto wake walikuwa wakilala bila kitu. Aliyaficha masikio kwa sababu manne yangewafanya watu waulize mengine sita yako wapi. Alisema hayo kwa sauti ya chini, na Khadra, ameketi kati yao, akayapeleka kwa Kiswahili: "Mimi niliona haya. Niliona afadhali nionekane nimepoteza wote kuliko nionekane nimewala wa mgeni." Alipofika kwenye "mimi niliona haya" sauti ilimkatika, akaanza upya sentensi ile kutoka mwanzo ili isipungue.

Njambi alisema, "Mwambie angeniambia watoto wana njaa, ningesema awachinje wote watano."

Khadra akamwambia. Gelle akainamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa magoti.

Wazee waliamua Gelle alipe majike watatu, kila mmoja na mtoto wake, naye akawaleta kutoka kwenye zizi la rafiki yake kabla ya adhuhuri. Juu ya Khadra, Mzee Keinan alisema hawana hukumu ya kuongeza, amekwisha kujihukumu kwa jina lake. Kisha, mbele ya sote, mzee yule wa miaka sabini na kitu akainuka, akaingia ndani, akachukua birika, akammiminia Njambi chai mwenyewe. Ilimwagika zaidi kwenye mkeka kuliko kikombeni. Mutiso hakucheka. Ijumaa alimtafutia mwalimu na mbuzi wake nafasi kwenye lori la mteja wake lililokuwa likienda Karatina.

Gelle aliondoka bila kunywa kitu. Maziwa yake hayakuja tena hotelini. Khadra alinunua kwa wengine.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa peke yetu, kama yote yale yalitokana na tamthilia. Alifikiri huku akichochea makaa. "Miezi saba nimesema maneno ya mtu mwema kwa mdomo wangu mwenyewe," alisema. "Nyinyi mliyasikia. Mimi niliyasema. 'Mimi simwogopi gavana. Mimi nahukumu kwa haki.' Siku ile yalipokuwa yanapita, yakakuta kuna kitu kimekaa njiani. Yasingepita mpaka kitoke."

Miezi mitano baadaye, Januari, nilikuwa pale Gelle alipoingia. Alikuwa akiongozwa na mkewe, kitambaa kimefungwa jicho la kushoto. Hakutoa salamu ndefu.

"Daktari wa macho ni mtu wa Meru, hajui Kisomali," alimwambia dada yake. "Hospitali kuna kijana wa kutafsiri. Jana daktari alisema maneno mengi, kijana akaniambia, 'Mzee, usijali.' Mimi nimechunga mifugo maisha yangu yote. Ninajua mtu anapopunguza."

Khadra alikuwa amesimama na birika.

"Sikuja kwa kuwa nimekusamehe, walaal," Gelle akasema. Hilo ndilo neno lao la ndugu, na alikuwa hajalitamka tangu Agosti. "Nimekuja kwa sababu wewe utayaleta yote."

Khadra aliniachia mimi jiko nililinde, akajifunga shuka, wakaenda. Yaliyotokea huko nimeambiwa na mke wa Gelle. Dokta Mwiti alieleza kwa utaratibu, akisimama kila baada ya sentensi, na Khadra aliketi kati yao, goti lake likigusa la ndugu yake.

"Mimi nimelipima jicho lako la kushoto mara mbili," Khadra alisema. "Halitaona tena."

Mke wa Gelle alianza kulia, Gelle akainua mkono kumtuliza. Khadra hakuongeza neno la faraja, wala hakuondoa goti lake.

"Endelea," Gelle akasema.

"Jicho la kulia linaweza kuokolewa, lakini ni lazima nilipasue wiki hii," akaendelea Khadra. "Na mimi siwezi kukuahidi."